Kwa nini mafundi wa Potapov walikataa bonasi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mkadiriaji majenzi, niko kwenye mradi wa barabara huku Kanda ya Ziwa. Rafiki yangu amenirushia filamu ya Kirusi ya mwaka 1974, yenye tafsiri imeandikwa chini. Kikosi cha mafundi kinakataa kupokea bonasi, halafu wakubwa wanakaa kikao mpaka filamu inaisha. Hakuna mapigano wala mapenzi, ni watu wanabishania mpango wa kazi. Nimeangalia yote sikuchoka, lakini jambo moja limenishinda: ni fundi gani mwenye akili zake anakataa hela? Ile ni propaganda tu, au kuna kitu sikijui?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kipo kitu hukijui, na si kosa lako. Filamu yenyewe haikielezi, kwa sababu watazamaji iliyotengenezewa walikuwa wanakijua kama wewe unavyojua bei ya mfuko wa saruji. Uliyoiona inaitwa *Premiya*, yaani Bonasi, ya studio ya Lenfilm ya Leningrad. Aliyeiongoza ni Sergei Mikaelyan na aliyeiandika ni Aleksandr Gelman. Nilisoma uhandisi wa ujenzi katika mji huohuo miaka ya 1980, na mara ya kwanza niliiona kwenye televisheni ya bweni, katika chumba cha pamoja walichokiita kona nyekundu. Kirusi changu kilikuwa bado cha kuombea maji. Nilielewa kwamba watu wamekasirika na kwamba hasira yao inahusu zege. Nikasema hii ni filamu yangu.

Tuanze na hela, maana ndiyo uliyouliza. Potapov, kiongozi wa kile kikosi, na watu wake hawakukataa hela kwa uchamungu. Walipiga hesabu. Unakumbuka yale madaftari anayoyatoa kikaoni? Huo ndio moyo wa filamu, na wewe kwa kazi yako ungepaswa kuyatamani kuliko mtu yeyote. Ndani yake kuna siku walizokaa bure, vifaa visivyofika, na kiasi ambacho kila mtu angepata kama kazi ingekwenda inavyotakiwa.

Nikupe mfano wenye tarakimu zangu mwenyewe, si za filamu. Wastani wa mshahara Urusi ya Kisovieti katikati ya miaka ya 1970 ulikuwa ruble 140 na ushee kwa mwezi, na fundi mzuri wa ujenzi alipita hapo. Tuseme huyu wetu analipwa kwa kipimo cha kazi, na kwa siku anatengeneza ruble 8. Kwa siku 25 za kazi ni 200. Mwezi huu zege halikuja siku 6. Amekosa 48. Sheria ilimpa kifuta jasho kwa siku za kukaa bure, sehemu tu ya malipo yake. Tuseme amerudishiwa 18. Mwezi umemla ruble 30, robo mwaka imemla 90. Mwisho wa robo anaitwa dirishani, anaambiwa hongera, shirika limevuka lengo, chukua bonasi yako ruble 40. Anatakiwa ashukuru.

Hapo ndipo anajiuliza: limevuka lengo gani? Mimi niliyekaa juu ya rundo la matofali nikivuta sigara siku 18, nimevukaje lengo?

Sasa tuje kwenye mpango. Shirika la ujenzi, wao waliliita *trest*, lilipokea mpango kutoka wizarani: mwaka huu mtajenga kazi ya thamani ya ruble milioni kadhaa na kukabidhi majengo haya na haya. Ukifikisha asilimia 100, mlango wa bonasi unafunguka kwa wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji. Ukifikisha 99, umefungwa. Fikiria mkurugenzi ambaye mwezi wa tisa anaona atafika 90. Kuongeza kasi hawezi, kwa sababu saruji haiko mikononi mwake, iko kwa watu wa ugavi. Njia iliyobaki ni kupanda treni kwenda Moscow na kuomba mpango wenyewe upunguzwe. Wao walikuwa na neno la adabu kwa jambo hilo: marekebisho ya mpango. Wizara nayo haitaki kuwa na shirika lililofeli ndani ya takwimu zake, kwa hiyo inarekebisha. Ile 90 inageuka kuwa 103. Hakuna aliyedanganya tarakimu, kila karatasi ina muhuri. Kilichosogezwa ni goli.

Kwa hiyo bonasi ile haikuwa hela tupu, ilikuwa na sahihi ndani yake. Fundi akiipokea pale dirishani anasaini kitabu cha malipo, na kwa sahihi hiyo anakubali hadithi yote: mpango ulikuwa ule mdogo, zege lilifika, zile siku 18 hazikuwahi kuwapo. Mkurugenzi Batartsev anaelewa hivyo kuliko wote mle chumbani, na ndiyo maana tangu mwanzo kikosi kimoja kidogo kinamtia joto kuliko malalamiko ya mji mzima. Mtu anayelalamika kuhusu mshahara unamtuliza kwa kumwongeza kidogo. Huyu anarudisha hela.

Utaniuliza kwa nini zege halikuja. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana bila hili filamu zote za aina hii zitakupita.

Kazi ya ujenzi kule ilipimwa kwa thamani ya fedha iliyotumika. Kuchimba shimo, kumwaga msingi, kusimamisha nguzo na paneli nzito za zege ni kazi zenye ruble nyingi kwa muda mfupi. Kupaka rangi, kufunga vitasa, kurekebisha bomba linalovuja ni kazi za ruble chache na zinakula muda. Wewe ni mkadiriaji, hebu jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi anayedaiwa thamani. Utaanzisha majengo kumi na kuyaacha kwenye nguzo, au utamaliza matatu? Ndiyo maana nchi ile ilijaa majengo ambayo hayajaisha, hadi yakapata jina lake, *dolgostroi*, ujenzi wa muda mrefu. Na kila jengo lililoanzishwa lilikuwa linadai saruji yake, nondo zake, kreni yake. Saruji ileile inagawanywa kwa midomo mingi. Mwanzo wa mwezi saiti zinalala. Mwisho wa mwezi kila mtu anakimbia, malori yanakuja usiku, mafundi wanalala saitini. Na hilo nalo lilikuwa na jina, *shturmovshchina*, yaani kazi ya kuvamia kama ngome. Nilifanya mafunzo kwa vitendo saiti moja ya nyumba za kuishi, na msimamizi wangu alinifundisha kutazama ukuta na kukisia umepigwa lipu tarehe ngapi za mwezi. Alikuwa hakosei.

Wenyewe walijua ugonjwa huu. Mwaka 1962 mchumi wa Kharkov, Yevsei Liberman, aliandika katika gazeti la Pravda makala iliyoitwa *Mpango, faida, bonasi*, akashauri viwanda vipimwe kwa faida badala ya wingi wa kuzalisha. Mwaka 1965 Waziri Mkuu Aleksei Kosygin alileta mageuzi yenye harufu hiyo, na mifuko ya motisha ikapata nguvu. Mwaka 1970 kule Zelenograd, karibu na Moscow, kiongozi wa kikosi Nikolai Zlobin alikubali kupewa jengo zima kwa mkataba: gharama hizi, muda huu, mkiokoa mnagawana. Alipewa nishani na magazeti yakamwimba. Lakini njia ya Zlobin inahitaji vifaa vifike kwa wakati, na hapo tunarudi palepale. Potapov wa kwenye filamu ni mtoto wa miaka hiyo. Ni fundi ambaye kwa miaka kadhaa ameambiwa na redio kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Basi akachukua daftari akaanza kukagua nyumba yake.

Kuhusu propaganda, nitakujibu kama mtu aliyeishi kule na kula mkate wao: ndiyo, na si hiyo tu.

Tazama kikao kile ni cha nani. Ni kikao cha kamati ya chama ya shirika. Anayekiongoza ni katibu wa kamati, Solomakhin, kijana, mtulivu, na hataki jambo lizimwe kabla halijasikilizwa. Huyo ndiye kibali cha filamu. Ujumbe ulioruhusiwa ni kwamba mambo yameharibika lakini chama kina masikio. Pia angalia lawama inaishia wapi. Inapanda kutoka kwa fundi hadi kwa mkurugenzi wa shirika, hapo inasimama. Aliyepiga muhuri wa kupunguza mpango yuko Moscow, hayumo chumbani, na hakuna anayependekeza aitwe. Mwaka 1976 filamu ilipewa Tuzo ya Taifa. Nchi haitoi tuzo yake kubwa kwa kitu kinachoitia hofu sana.

Lakini propaganda ya kawaida ya ujenzi tuliijua, tena ilikuwa nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilivuma sana tamthilia ya uzalishaji, jukwaani na kwenye runinga. Kuna mhandisi anaitwa Cheshkov, wa mwandishi Ignaty Dvoretsky, anayeletwa kutoka nje kwenda kunyoosha kiwanda kilichozoea uzembe. Watu walimbishania kwelikweli, wengine wakimwona mkombozi, wengine wakimwona mashine yenye tai. Baada yake wakaja wengi wa kuiga: mhandisi mpya, mkuu mzee, tanuru inayovuja, mkutano, makofi. Nyingi ya hizo ni chai ya rangi isiyo na sukari. Gelman ni kitu kingine, na sababu ni kwamba saiti aliijua kwa miguu yake.

Alizaliwa mwaka 1933 Bessarabia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Moldova, katika familia ya Kiyahudi. Vita ilipofika, familia yake ilipelekwa ghetto, yaani mtaa wa kuwafungia Wayahudi, na mama yake alifia huko. Alifanya kazi kiwandani, akawa ofisa wa jeshi la majini, kisha akafanya kazi ya kuratibu saitini Kirishi, si mbali na Leningrad, ambako kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kilikuwa kinajengwa. Mratibu wa saiti, wao humwita dispecha, ni yule anayekaa na simu kuanzia alfajiri: lori liko wapi, kreni imeharibika, kiwanda cha zege kimesema kesho. Kila uongo wa saiti unapita sikioni mwake. Baadaye akaingia uandishi wa habari Leningrad. Kwa hiyo alipoandika kikao kile hakuhitaji kubuni namna wakubwa wanavyokwepa swali. Alishawasikia kwenye simu.

Na namna alivyokipanga ni ya kiufundi kabisa. Karibu filamu yote ni chumba kimoja, meza ndefu, watu wazima wamekaa. Lakini kila baada ya dakika chache kitu ambacho wote walikichukulia kuwa kweli kinabomoka. Kwanza wanadhani kikosi kinadai nyongeza. Sicho. Halafu wanadhani Potapov kasukumwa na mtu. Hapana. Halafu wanadhani hesabu za fundi haziwezi kuwa sahihi, na mtu anaanza kuzipitia. Ni kesi ya mahakamani ambayo mshitakiwa anabadilika kila robo saa, na mwishoni kila aliyekaa mezani ameshakaa kizimbani kwa zamu yake, Potapov mwenyewe akiwemo. Najua umeshaona mwisho, lakini wasomaji wengine hawajaona, kwa hiyo naukalia kimya.

Usisahau pia sura ya Potapov. Anaigizwa na Yevgeny Leonov, ambaye kwa Warusi alikuwa mchekeshaji, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Watoto wote wa nchi walimjua kwa sauti yake katika katuni ya yule dubu Winnie-the-Pooh. Angewekwa pale kijana mwenye taya la chuma kama kwenye mabango, mtazamaji angezima televisheni. Leonov anaingia chumbani kama mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Anaona haya. Anajuta hata kuwasumbua. Ndipo anatoa madaftari. Katibu ni Oleg Yankovsky, na Batartsev ni Vladimir Samoilov, ambaye amemfanya mkurugenzi awe mtu wa kuheshimika badala ya jambazi. Hilo ndilo linaloumiza: ni mhandisi mzuri aliyejifunza kuishi.

Mwaka uliofuata mchezo huohuo ulipanda jukwaani, kwa Georgy Tovstonogov kule Leningrad na kwa Oleg Yefremov kule Moscow, na watu walikata tiketi kwenda kutazama kikao, baada ya kutoka kwenye vikao vyao wenyewe kazini.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa vipimo na hati, nakuagiza utafute na ya pili, ambayo ilitengenezwa hasa kwa ajili ya televisheni. Inaitwa *My, nizhepodpisavshiyesya*, yaani Sisi Tuliotia Saini Hapa Chini, ya mwaka 1981, sehemu mbili. Mwandishi ni Gelman tena. Mwongozaji ni Tatyana Lioznova, yule mama aliyekuwa ametengeneza mwaka 1973 tamthilia ya jasusi Stirlitz, sehemu kumi na mbili. Safari hii hana vita wala majasusi. Ana behewa la treni.

Kisa: kiwanda cha mikate kimejengwa katika mji mdogo. Kamati ya kupokea jengo imekuja, imekagua, imekuta kasoro, imekataa kusaini, sasa inarudi kwao kwa treni. Ndani ya treni hiyohiyo anapanda mratibu wa saiti, Lyonya Shindin, pamoja na mkewe, mizigo ya chakula na vinywaji, na ile hati mfukoni. Ana muda wa safari tu. Hati isiposainiwa kabla treni haijafika, bosi wake, ambaye yeye anaamini ni mtu mwaminifu, ataondolewa kazini. Kwa hiyo anachekesha, anapika uongo, analia, anabembeleza. Leonid Kuravlyov ndiye Shindin, Irina Muravyova ndiye mkewe, na Yuri Yakovlev ni mwenyekiti wa kamati, mtu safi, mkavu, asiyeelekea popote. Yankovsky yumo tena.

Wewe unajua hati ya makabidhiano ni nini, lakini kule ilikuwa na uzito wa ziada. Jengo lilihesabika kuwa limejengwa siku karatasi iliposainiwa, hata kama tanuri haliwaki. Sahihi ikitoka, takwimu za mkoa zinakaa sawa, bonasi ya kukabidhi inatoka, na kasoro zinaandikwa kwenye barua ya ahadi kwamba zitarekebishwa. Mwisho wa Desemba kamati zilikuwa zinasaini majengo ambayo theluji inaingia dirishani. Kwa hiyo Yakovlev anapokataa, mtazamaji wa 1981 anasimama upande wake mara moja: huyu hatimaye ni mtu wa kanuni! Halafu Gelman, polepole, kituo baada ya kituo, anafunua nani anafaidika na ukali huo, nani alitaka kamati iwe kali safari hii hasa na si safari zilizopita. Mwaminifu anatumika kama nyundo. Na anayedanganya ndani ya behewa lote ndiye pekee asiyejitafutia chochote. Mimi naiona kuwa bora kuliko *Premiya*, ingawa wenzangu wengi wananipinga. Katika *Premiya* hesabu sahihi zipo, ziko daftarini, ni suala la kuzikubali. Ndani ya treni hakuna daftari. Ukisaini umekosa, usiposaini umekosa.

Zilidumu muda gani filamu hizi? Mpaka magazeti yalipofunguliwa mdomo. Kuanzia 1986 na 1987 mambo ambayo Gelman aliyapitisha kwa mlango wa nyuma, ndani ya kikao au behewa, yalichapishwa ukurasa wa kwanza yakiwa na majina na tarakimu. Mtu akishasoma hivyo asubuhi haendi jioni kulipia mchezo. Gelman mwenyewe mwaka 1989 aliingia bungeni.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa ameandika tamthilia nyingine ya ujenzi isiyo na kikao, kamati wala treni. *Naedine so vsemi*, yaani Peke Yako na Watu Wote, ina watu wawili tu, mkuu wa ujenzi na mke wake, nyumbani kwao, usiku. Mambo ni yaleyale unayoyajua sasa: mpango, tarehe, kazi ya kuvamia. Mtoto wao wa kiume alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye saiti ya baba. Ilitokea ajali, katika kazi iliyoharakishwa ili tarehe itimie, na kijana akapoteza mikono yote miwili. Mchezo unaanza baada ya hapo, na mke anataka kujua ni nani aliyetoa amri ya kuharakisha.